Mkono Juu ya Gia

Watu walimwita Mama Breki, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Alikuwa mwalimu wa udereva, na neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko salamu lilikuwa "Breki!" Alilitoa kwa sauti iliyowasimamisha hata wapita njia. Siku moja mtu wa mkokoteni, upande wa pili wa barabara, aliuachia mkokoteni wake akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa na hasira tu, na anayedhani hasira na ubaya ni kitu kimoja hajawahi kuishi na mtu mpole mwenye roho mbaya.

Hasira hiyo aliichuma kazini. Ujana wake aliumaliza akimwendesha mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, mwanamke pekee kati ya madereva wanaume waliowekeana dau kwamba hatamaliza wiki. Alimaliza wiki, akamaliza miaka, na baadhi yao wakafukuzwa kwa ulevi yeye akiwa bado ameshika usukani. Mkurugenzi alipoletewa gari jipya, lile kuukuu likapigwa mnada. Mama Breki alikuwa amefiwa na mume na ana mtoto mmoja wa kiume. Akalinunua gari, akafunga kibao juu ya paa, akaacha kazi na kufungua shule yake. Chumba cha mbele cha nyumba kikawa darasa: viti vya plastiki, ubao wa kuchorea makutano, na usukani mbovu uliopigiliwa misumari mezani ili wanafunzi wajifunze kugeuza mikono kabla ya kugeuza gari.

Gari lenyewe wanafunzi waliliita Shangazi, kwa kuwa lilikuwa na maneno mengi na hakuna aliyethubutu kulijibu. Lilizeeka kwa namna yake. Kila lilipopata ugonjwa mpya, Mama Breki aliutafutia dawa isiyokuwa matengenezo. Gia ya pili haikukaa. Ukiiingiza ilitulia kidogo, kisha ikachomoka kwa kishindo, injini ikabaki inapiga kelele na gari haliendi. Dawa yake ilikuwa kuushika mkono wa gia na kuukandamiza, usiuachie hata kidogo. Injini nayo ikishapata joto ilizimika kila gari liliposimama, kwa hiyo kwenye taa za barabarani ilibidi ncha ya mguu wa kulia ikanyage breki na kisigino kiguse mafuta, huku mguu wa kushoto umelala juu ya klachi, tayari kwa lolote. Mtu mwingine angesema gari limekufa. Mama Breki alisema gari lina tabia, na tabia mtu huzizoea.

"Shikilia gia!" ndivyo alivyowafokea wanafunzi. "Unaiachia ya nini? Mtoto wako ungemwachia hivyo sokoni?"

Nao wakashikilia. Na wakafaulu, kwa sababu mtihani wa leseni ulifanywa kwa gari la shule yenyewe, na hakuna aliyemjua Shangazi kuwashinda wao. Shule jirani zilikuwa na magari mazima na wanafunzi wao walianguka. Jambo hilo lilimjaza Mama Breki kiburi mpaka shingoni.

Ukitaka kukiona kiburi hicho kikinywa chai, ungemfuata gereji siku ya Jumamosi. Pale chini ya bati, wenye magari ya aina ile walikutana kama ndugu wanaomuuguza mgonjwa mmoja. Muuza mayai alieleza kwamba lake haliingii gia ya kurudi nyuma likishapata joto, kwa hiyo haegeshi mahali asipoweza kutoka kwa mbele, na wateja wake wa vichochoroni ameshawaacha wale mikate mitupu. Mwalimu mmoja mstaafu alisema lake linakunywa oili kuliko petroli, anatembea na galoni kwenye buti, na majirani huanua nguo wakimwona tu ameshika ufunguo. Walilalamika, lakini ukiwasikiliza vizuri, walikuwa wakijisifu. Kila mmoja alijiona kuwa ni yeye tu duniani anayeweza kuliendesha gari lake, na masikini, ilikuwa kweli.

"Yangu ukiiiba hufiki popote," alisema muuza mayai.

"Yangu mwizi mwenyewe ataenda kuomba msaada polisi," akajibu Mama Breki, wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, na sauti yake ilitoka huko chini.

"Mama, nimekuambia tangu zamani. Tufungue gia boksi tuone kinachoirusha hiyo ya pili. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Wewe fundi nikikupa ufungue, utakuta na yasiyokuwemo," akasema Mama Breki, na hapo mazungumzo yakawa yameisha.

Mwanawe alijifunza kwa Shangazi tangu miguu yake haijafika sawasawa kwenye klachi. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na binti mdogo, wakikaa katika vyumba viwili vya nyuma vya nyumba hiyohiyo. Alikuwa mkimya, kiasi kwamba watu walisema mama yake ameshatumia maneno ya wote wawili. Kazi aliyoijua ni udereva, na udereva ulikuwa umemkataa. Alianza na gari la mikate. Baada ya muda gia boksi ikasagika, na mwenye mikate akamwondoa. Akapata basi la shule. Klachi ikaungua, wakaitengeneza, ikaungua tena, naye akaondolewa. Kila mara alirudi nyumbani akisema hajui alikosea wapi. Kila mara mama yake alikuwa na jibu moja: uzembe.

Tangu hapo hakuna aliyemtaka. Habari za dereva anayeua gia boksi husafiri haraka kuliko dereva mwenyewe. Mkewe akawa anashonea watu sare za shule ili jiko lisipoe. Ndipo hospitali ikatangaza kwamba inatafuta dereva wa kusambaza dawa kwenye zahanati, na msimamizi wa magari akakubali kumjaribu. Mke akampigia pasi shati, akalirudia kola mara mbili. Kila mtu katika nyumba ile alijua kwamba akiikosa hii, hakuna atakayempa gari tena, hata la kusukuma.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Ilikuwa siku ya maji, na wapangaji walikuwa wamepanga ndoo zao kwenye bomba la uani. Mama Breki alikuwa papo hapo akiwaamulia nani alitangulia.

"Umepata?" akamuuliza.

Mwanawe akatikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Tumefika kona ya tatu, akaniambia niegeshe nishuke. Akaniuliza nani alinifundisha gari. Nikamwambia. Akasema nirudi nikajifunze upya."

Angeweza kusema kwamba amempiga msimamizi ngumi na mambo yasingekuwa mabaya kiasi kile. Mama Breki alilipuka.

"Ukajifunze upya! Mimi nimefundisha nusu ya mji huu! Madaktari wa hospitali hiyohiyo nimewafundisha mimi, wengine hata kushoto na kulia walikuwa hawavijui! Na leo anayenitia aibu ni nani? Ni wewe niliyekuzaa! Mzembe wewe! Umepewa gari umeua, umepewa basi umeua, sasa hata la kujaribiwa kona ya nne hukufika! Watu watasema asiyefunzwa na mamaye, na mimi nimekufunza mpaka koo limekauka! Mzembe! Mzembe mkubwa!"

Wapangaji wakayatazama maji. Ndoo ya mbele ilijaa, ikafurika, na hakuna aliyethubutu kuisogeza. Mwanawe alisimama na shati lake lililopigwa pasi mpaka maneno yalipokwisha, kisha akapita katikati ya watu akaingia chumbani na kufunga mlango. Binti yake alikuwa ameyasikia yote. Akamvuta bibi yake nguo.

"Bibi, mzembe ni nini?"

Mkaza mwana ndiye aliyekuja kumchukua mtoto, sindano bado ameishika kwa meno. Akaitoa, akasema kwa adabu yote, bila kupandisha sauti:

"Mama, uliyoyasema yamefika mpaka barabarani."

"Yafike!" akajibu Mama Breki.

Asubuhi iliyofuata alimwasha Shangazi akaenda hospitali. Tusimpe sifa asiyostahili. Hakwenda kumtetea mwanawe. Alikwenda kujitetea mwenyewe.

Magari ya hospitali yalikaa nyuma ya chumba cha kufulia, mahali ambapo mashuka meupe yalianikwa kwenye kamba ndefu. Msimamizi alikuwa mtu mnene, mwenye shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na alimsikia Mama Breki kabla hajamwona.

"Yuko wapi huyo aliyesema mwanangu akajifunze upya?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, na hiyo shikamoo haitakuokoa."

"Basi wewe ndiye mwalimu mwenyewe," akasema msimamizi. "Nilikuwa na hamu ya kukuona."

"Nione basi! Mtu niliyemfundisha mimi haanguki kwenye gari zima. Gari yako ndiyo mbovu, na wewe unawasingizia watoto wa watu!"

Hapo msimamizi naye alikasirika. Shingo ilimvimba mpaka kifungo cha juu kikalalamika. "Gari hizi zinabeba dawa, mama. Zinabeba damu. Hakuna mbovu hata moja hapa, na anayesema ipo anitukane kwanza mimi." Akachomoa ufunguo mfukoni akamwekea kiganjani. "Endesha. Mimi nakaa pembeni."

Ilikuwa pikapu nyeupe. Mama Breki alikaa, akavuta kiti, akawasha. Injini ilikuwa kimya hivi kwamba alidhani haijawaka, akazungusha ufunguo tena, na chuma kikalia humo ndani kilio cha kuumiza meno. Msimamizi alifumba macho. Wakatoka getini. Gia ya kwanza, gia ya pili, na mkono wa Mama Breki ukabaki palepale juu ya gia, umeikandamiza kwa nguvu zote.

"Toa mkono," akasema msimamizi.

"Itachomoka."

"Haichomoki."

"Baba, mimi nimeendesha gari kabla wewe hujajua kutambaa..."

"Toa mkono, mama!"

Tangu aanze kufundisha, hakuna mtu aliyewahi kumfokea Mama Breki ndani ya gari. Akautoa, kwa mshangao tu. Gia ikakaa. Gari likaendelea mbele, laini, bila kunung'unika. Walipofika kona ya kwanza akatupa jicho chini, akauona mkono wake umerudi juu ya gia. Hakukumbuka kuurudisha. Akautoa tena, na kabla ya kona ya pili ukawa umerudi tena, kama kuku anayefukuzwa jikoni. Kwenye taa za barabarani kisigino chake kikaenda chenyewe kwenye mafuta, injini ikanguruma gari likiwa limesimama, na watu waliokuwa wakivuka wakaruka wakamtazama vibaya. Mguu wa kushoto ulikuwa umelala juu ya klachi muda wote huo.

"Hivyo hivyo," akasema msimamizi, sasa taratibu. "Hivyo hivyo ndivyo alivyofanya kijana wako. Mimi nilidhani amelewa."

"Alikuwa anaichunga gari."

"Alikuwa anaiua. Mkono ukilala pale, vyuma vya ndani vinasukumana na kusagana, kidogo kidogo, kila siku. Mguu ukilala kwenye klachi, unaiunguza. Gari haifi siku hiyo, mama. Inakufa baadaye, na dereva anaapa kwamba hakuifanya kitu. Na anaamini kabisa. Nimewafukuza watu kwa jambo hili, na hakuna aliyewahi kunielewa."

Waliporudi hospitali, Mama Breki akaegesha pikapu chini ya mashuka. Akaikumbuka gia boksi ya gari la mikate. Klachi ya basi la shule, mara mbili. Na sauti ya mwanawe: Mama, sijui nilikosea wapi. Hasira ilimpanda kama kawaida yake, ikaanza kutafuta pa kwenda. Ikamwendea mwenye mikate, ikamwendea mwenye basi, ikamwendea mkurugenzi wa sabuni aliyeliacha gari lizeeke hivyo, na kote huko haikupata wa kumshika. Mwisho ikamrudia mwenyewe. Haikuwahi kumrudia hata siku moja, na hakujua mtu huishikaje. Akaupiga usukani kwa kiganja, honi ikalia, na mfuaji mmoja akaangusha beseni.

"Nilikuwa nampiga kofi la mkononi," akasema. "Alipokuwa mdogo. Kila akiiachia gia, kofi."

Hasira ya msimamizi ilikuwa imemwisha, na bila hasira alionekana mtu wa kuchoka tu.

"Mlete wiki ijayo," akasema. "Nitakaa naye garini mimi mwenyewe siku chache. Mkono wake ukitulia kwenye usukani, kazi ipo, sijampa mtu. Usipotulia, nisamehe, siwezi. Dawa za wagonjwa hizo."

Mama Breki alimpeleka Shangazi moja kwa moja gereji, akaurusha ufunguo chini ya gari alipokuwa amelala fundi, akamwambia afungue gia boksi, afungue injini, afungue chochote anachotaka. Fundi alichomoa kichwa akamtazama mara mbili, akadhani ni mzaha. Lakini mwenyewe alikuwa ameshageuka, anaondoka kwa miguu, anapita njia nzima bila kumsalimu mtu.

Alimkuta mwanawe amekaa ukingoni mwa kitanda, anaunganisha kamba ya kiatu cha binti yake. Mkewe alikuwa kwenye cherehani pembeni ya dirisha. Mama Breki aliketi kwenye kigoda, jambo ambalo lenyewe lilikuwa geni, kwa sababu alikuwa mtu wa kusema akiwa amesimama. Akaeleza. Alieleza juu ya pikapu na mkono uliokuwa ukirudi wenyewe, juu ya vyuma vinavyosagana kidogo kidogo, juu ya makofi. Alisema yote kwa sauti ndogo, na alipofika mwisho akasema, "Nisamehe, mwanangu. Wiki ijayo anakungoja."

Cherehani ilikuwa imenyamaza zamani. Mama Breki alitegemea mwanawe atasema yameisha, mama, maana ndivyo alivyozoea kusema tangu utotoni kwa kila kitu. Mwanawe alikiweka kiatu chini.

"Nilikuwa nalala najiuliza nimezaliwa na laana gani," akasema. "Nashika gari ya mtu kwa uangalifu kuliko mwenye gari, na bado inakufa. Nikawa naogopa hata kugusa cherehani ya mke wangu. Nikasema nikiigusa na hiyo itakufa."

"Mwanangu..."

"Subiri! Maisha yangu yote nimekusubiri wewe umalize." Alikuwa amesimama sasa, na mkewe alimtazama kama anayemwona mgeni. "Unaniomba radhi hapa? Chumbani? Kwa kunong'ona? Mimi sikujua hata kwamba unajua kunong'ona! Jana hukuniambia chumbani, mama. Jana uliniambia bombani, mbele ya watu, na mwanangu amekuja kuniuliza mzembe ni nini."

Mama Breki akainuka, akatoka uani.

Bomba lilikuwa bado linatoa maji, na watu walikuwa walewale wa jana, na ndoo zilezile. Walipomwona wakampisha. Akasimama katikati yao. Kuwatukana wengine hakukuwahi kumpa tabu, maneno yalimiminika yenyewe. Haya ilibidi ayasukume, kama gari lililozimika.

"Mwanangu si mzembe," akasema.

"Unasemaje, Mama Breki?" akauliza mwenye ndoo ya mbele.

"Nasema mwanangu si mzembe!" Sasa sauti ilitoka, ileile iliyomwachisha mtu mkokoteni wake. "Ile gia boksi ya mikate niliiua mimi! Klachi ya basi la shule niliiunguza mimi, nikiwa nimekaa hapa hapa nyumbani! Nilimfundisha ubovu kwa gari bovu, akaushika kwa sababu alikuwa mtoto msikivu! Mimi ndiye niliyekosea, si yeye!"

"Mama Breki, unaumwa?"

"Nyamaza, sijamaliza!"

Aliendelea mpaka jasho likamtoka. Alipogeuka, mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, uso bado umekunjamana. Nyuma yake alikuwa mkewe, amembeba mtoto.

"Wa nyumba za nyuma hawajasikia," akasema mwanawe.

Mama Breki akageukia nyumba za nyuma, akavuta pumzi, akaanza upya.